Kanuni na Mapatano katika Mchezo wa Kadi za Sayari

Mchezo ni zana ya kufundishia kama zilivyo zana nyingine, na kanuni zisizoeleweka huuvunja kabla somo halijafika popote. Katika makala hii tunakusudia kuueleza mchezo mmoja wa kadi unaofaa somo la Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na hasa jinsi mwalimu atakavyozifafanua kanuni zake.

Utengenezaji wake ni rahisi. Zikatwe kadi 16 za karatasi ya manila, mbili kwa kila sayari kati ya sayari nane zinazolizunguka Jua. Kila kadi iandikwe jina la sayari, kipenyo chake, idadi ya miezi yake na urefu wa siku yake. Wanafunzi wanne hugawana kadi sawasawa bila kuonyeshana. Mwenye zamu huweka kadi moja na kutaja sifa. Wenzake nao huweka zao, na mwenye tarakimu kubwa kuliko wote huzitwaa zote.

Sasa tuseme Asha ameweka Zuhura na kutaja "siku", naye Juma ameweka Utaridi. Nani ameshinda? Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za hapa duniani, na Utaridi kwa siku 59 hivi. Kadi ni za Asha. Lakini tukihesabu siku kuwa ni muda wa kutoka adhuhuri moja hadi nyingine, Zuhura ina siku 117 hivi na Utaridi 176. Kadi ni za Juma. Sababu ni kwamba sayari hujizungusha huku ikilizunguka Jua. Utaridi hujizungusha kuelekea upande uleule inakozungukia, kwa hiyo Jua huchelewa kurudi utosini. Zuhura hujizungusha kinyume, na Jua huwahi kurudi. Mwalimu atakayeukatiza ugomvi huo kwa kupiga meza atakuwa ameitupa nusu bora ya somo.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kusema kwamba "siku" maana yake ni sayari kujizungusha mara moja ni kuifafanua kanuni: mchezo ni uleule, ila umeeleweka. Kusema kwamba sifa moja isitajwe mara mbili mfululizo ni mapatano ya kikundi: mchezo umebadilishwa. Wacheza drafti wanaijua tofauti hii. Wako wanaomlazimisha mtu kula kete, na wako wanaomwachia hiari. Wa baraza mbili tofauti hawana budi kuulizana kabla ya kete ya kwanza kusogezwa.

Kadi zikilingana je? Utaridi na Zuhura hazina mwezi hata mmoja, na kila sayari ina pacha wake mchezoni, hivyo jambo hili litatokea tu. Kanuni iseme wazi: kadi zote hubaki mezani, na mshindi wa duru ifuatayo huzitwaa.

Idadi ya miezi huhitaji uangalifu zaidi. Mwezi Februari 2023 Mshtarii ilihesabiwa miezi 92 na Zohali 83. Kufikia Mei mwaka huohuo Zohali ilikuwa na 145, na Machi 2025 ikafika 274. Kwa hiyo kila kadi iandikwe mwaka wa hesabu yake. Majina nayo yawe ya namna moja, maana vitabu vingine huiita Utaridi Zebaki.

Mwanafunzi mwenye kitabu cha zamani ataidai Pluto. Aelezwe kwamba Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulifafanua maana ya sayari, na Pluto ikawekwa katika kundi la sayari kibete. Kikundi kinaweza kupatana kuiongeza kadi yake, mradi iandikwe hivyo.

Tunashauri kanuni ziandikwe upande wa kushoto wa ubao na mapatano upande wa kulia. Mwanafunzi anayehamia kikundi kingine ayasome kwanza mapatano ya huko. Yako mambo yasiyopatanika. Wazazi wengine wakiona kadi hufikiri kamari, nao hawana makosa kuuliza. Basi dau lisiwekwe kabisa, hata la punje za mahindi.