Likizo ya Uzazi: Uanze Lini, na Umwambieje Bosi

Ujauzito ukifika miezi saba, kila anayekutana nawe kazini anauliza jambo moja: unaenda lini likizo? Bosi anauliza kwa sababu anataka kujua kazi ataishika nani. Wenzako wanauliza kwa sababu huenda ikawaangukia wao. Nyumbani mama naye anauliza, maana anapanga safari ya kuja kukulea. Katikati ya maswali yote hayo wanawake wengi hutaja tarehe iliyowaridhisha watu wengine, kisha wanaijutia mtoto akishazaliwa. Makala haya ni kwa ajili ya mwajiriwa wa Tanzania Bara anayetaka kuichagua tarehe hiyo mwenyewe, kwa hesabu. Zanzibar ina sheria yake ya kazi, hivyo msomaji wa Unguja na Pemba aanzie huko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anaweza kuianza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua. Anaweza kuanza mapema zaidi ya hapo iwapo daktari atathibitisha kwamba afya yake au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Akishajifungua, haruhusiwi kufanya kazi kwa wiki sita, labda daktari athibitishe kuwa yuko sawa. Wiki sita ni siku 42, na bibi zetu wa pwani waliomweka mzazi ndani mpaka arobaini itimie walikuwa wameshalijua hilo kabla ya Bunge. Ndani ya mipaka hiyo, anayechagua siku ya kuanza ni wewe. Bosi ana haki ya kupewa taarifa mapema ili ajipange. Haki yake inaishia hapo.

Tuweke tarehe mezani. Tuseme kadi yako ya kliniki inaonyesha utajifungua tarehe 15 Septemba. Ukianza likizo siku ya kwanza inayoruhusiwa, yaani 18 Agosti, siku 84 za mfululizo zinaishia 9 Novemba na unaripoti kazini tarehe 10. Mtoto akizaliwa kwa tarehe yake, siku hiyo unamwacha akiwa na wiki nane. Ukianza tarehe 1 Septemba, mimba ikiwa na wiki 38, likizo inaishia 23 Novemba na mtoto unamwacha na wiki kumi. Sasa chukua kinachowatokea wengi, hasa wenye mimba ya kwanza: tarehe inapita na mtoto bado. Akichelewa hadi 24 Septemba, aliyeanza 18 Agosti atarudi kazini mtoto akiwa hata hajatimiza wiki saba. Tarehe ya kadi ni makadirio ya wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni watoto wachache wanaozaliwa siku hiyohiyo. Kila siku unayoitumia kusubiri inakatwa kwenye siku za kulea.

Kwa hiyo wengi wanaamua kubana mpaka dakika ya mwisho, na wapo wanaosifiwa kwa kushikwa na uchungu wakiwa kazini. Sifa hiyo siipendi hata kidogo. Mwezi wa tisa wa mimba mwili una kazi yake: usingizi unakatika, miguu inavimba, mgongo unauma, na mama anayefika kwenye leba akiwa amechoka anaanza safari ngumu bila akiba ya nguvu. Akiba ya siku ina maana pale tu mwili unapoimudu.

Kitu cha kwanza cha kupima ni aina ya kazi. Anayekaa mezani na kuinuka anapotaka hayuko sawa na nesi wa wodini, mwalimu anayesimama vipindi sita, mhudumu wa kaunta au mfanyakazi wa kiwandani. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampangie kazi nyingine inayofaa, inapowezekana, bila kumshushia masharti. Zamu ya usiku nayo imekatazwa kwa miezi miwili kabla ya tarehe ya makadirio, na usiku kisheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mfano wetu, kuanzia 15 Julai jina lako lisionekane kwenye ratiba ya usiku. Daktari akiona hufai kwa kazi za usiku hata kabla ya hapo, cheti chake kinatosha. Kubadilishiwa kazi au zamu kunaweza kukusogeza wiki mbili mbele bila kugusa siku 84.

Kitu cha pili, ambacho naona hakipewi uzito wake, ni njia ya kwenda na kurudi. Mama anaweza kuwa na kiti kizuri ofisini Posta lakini anaishi Chanika au Mbagala ndani. Anaamka saa kumi alfajiri, anagombania daladala, anasimama kwenye foleni na mimba ya wiki 37, na jioni anarudia hayo hayo. Anayevuka na kivuko cha Kigamboni ajiulize pia uchungu ukimkuta upande usio wa hospitali yake itakuwaje. Na kama umepanga kwenda kujifungulia kwa mama Moshi, Bukoba au Songea, safari ya basi ya kutwa nzima si ya wiki ya 39. Zungumza na mkunga wako kuhusu safari hiyo kwanza, kisha tarehe ya likizo ifuate.

Ushauri wangu basi ni huu. Mimba isiyo na tatizo, kazi ya kukaa, nyumba isiyo mbali na hospitali unayotaraji kujifungulia: wiki ya 38 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kazi ya kusimama au kunyanyua, mwendo mrefu, mapacha, au kliniki imeshakutajia presha: anza wiki ya 36, au mapema zaidi kwa barua ya daktari, na usione haya.

Kuna jambo ambalo watu huchanganya na linawagharimu. Ukiugua ukiwa na mimba ya wiki 30 na daktari akakuandikia ED, yaani cheti cha kupumzika kazi, hiyo ni likizo ya ugonjwa. Sheria inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Usikubali ED ya wiki mbili igeuzwe kuwa mwanzo wa likizo ya uzazi. Vivyo hivyo, mwajiri haruhusiwi kukupa likizo ya mwaka mahali pa likizo ya uzazi. Ila wewe unaweza kuomba siku zako 28 za mwaka zifuate mara tu baada ya zile 84, na mwajiri mwenye busara hukubali, kwa sababu inamrahisishia kumpanga anayekushikia nafasi mara moja tu. Katika mfano wetu, mama aliyeanza 1 Septemba akiunganisha hivyo anarudi 22 Desemba, mtoto akiwa na wiki 14.

Hayo yote yanasimama juu ya karatasi moja. Sheria inataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa makadirio ya 15 Septemba, barua iwe imefika kabla ya 15 Juni. Haihitaji maneno mengi:

"Napenda kukujulisha kuwa ni mjamzito na ninatarajia kujifungua tarehe 15 Septemba, kama cheti cha daktari nilichoambatisha kinavyoonyesha. Ninakusudia kuanza likizo ya uzazi ya siku 84 tarehe 1 Septemba na kurejea kazini tarehe 24 Novemba. Endapo nitajifungua kabla ya hapo, au daktari akinishauri kupumzika mapema, nitatoa taarifa mara moja."

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwa mwajiri, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama ofisini kwenu mambo huenda kwa barua pepe, tuma kwa bosi na kwa afisa rasilimali watu kwa pamoja. Makubaliano ya mdomo huondoka na bosi aliyeyatoa siku akihamishwa.

Mazungumzo yenyewe yana mitego. Wa kwanza ni "vumilia tufunge hesabu za mwezi kwanza." Mwezi ukifungwa kunakuja ukaguzi, ukaguzi ukiisha kuna bajeti. Mjibu kwa heshima kwamba tarehe iko kwenye barua na kwamba kuanzia leo mpaka siku hiyo utamfundisha mtu kufunga hesabu hizo. Wa pili unakuja kwa sura ya huruma: "anza tu mapema, mama, ukapumzike." Huenda yametoka moyoni, lakini anayezitumia siku ni wewe, mshukuru na ubaki na tarehe yako. Wa tatu ni kompyuta mpakato inayofuatana nawe nyumbani. Wiki sita za kwanza sheria imeshazungumza. Baada ya hapo, ukikubali kujibu swali la dharura, liwe linatoka kwa mtu mmoja mliyemteua, na kundi la WhatsApp la ofisi lizimwe sauti.

Bosi mwenye hofu mara nyingi hutulizwa na makabidhiano mazuri kuliko maelezo marefu. Yaanze wiki ya 34, si Ijumaa ya mwisho. Andika kazi zako zote, za kila siku na za kila mwezi, wateja na namba zao, faili liko kabati gani, na jambo gani likikwama anaulizwa nani. Kisha mwache anayekushikia nafasi aifanye kazi kwa wiki mbili wewe ukiwa pembeni. Mtoto akija wiki ya 37, hakuna kitakachoanguka.

Na anaweza kuja kweli. Ukitokwa na damu, maji yakimwagika, kichwa kikiuma sana, ukiona ukungu machoni, uso na mikono vikivimba ghafla au mtoto akipunguza kucheza, ondoka kazini muda huohuo uende hospitali. Ruhusa itaombwa na mwenzako. Mama aliyejifungua mtoto njiti aulize ofisini jinsi likizo yake inavyohesabiwa, kwa sababu mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea muda.

Angalia pia masharti yanayoweza kukukwaza. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo hii yenye malipo, na mwajiri analazimika kuitoa kwa vipindi vinne tu. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, mama ana haki ya siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko uleule wa likizo wa miezi 36. Mwanachama wa NSSF aulizie fao la uzazi: linahitaji michango ya miezi 36, na 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Ukirudi kazini ukiwa unanyonyesha, una haki ya muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Afadhali mkubaliane saa zenyewe kabla hujaondoka kuliko kuanza kuzigombania ukiwa na maziwa kifuani.

Ukirudi ukakuta nafasi yako imepewa mtu na wewe umeachishwa, jua kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa mwenye kichanga siku hizo hupita haraka, kwa hiyo chukua ile nakala yenye muhuri, mwombe mtu wa chama cha wafanyakazi akusaidie kujaza fomu, na uifikishe kabla hazijaisha.