Si Kila Tumbo Linalouma ni Alsa

Kaa kidogo kwenye duka la dawa, Arua au Koboko, utamsikia mtu akisema, "Nipe dawa ya alsa." Hapimwi wala haulizwi chochote. Anafungiwa vidonge vichache kwenye karatasi, anaondoka, na wiki ijayo anarudi. Kwetu West Nile, Uganda, kila maumivu ya juu ya kitovu yamepewa jina hilo moja, alsa, yaani vidonda vya tumbo, ilhali magonjwa yenyewe ni tofauti na kila ugonjwa una tiba yake. Kabla ya kutoa pesa, fuata hatua hizi.

1. Tambua dalili. Moto unaopanda kifuani na uchachu mdomoni, hasa ukiinama au ukilala baada ya kula, ni kiungulia: asidi ya tumbo inarudi kwenye umio. Maumivu kwenye chembe cha moyo yanayokuja ukiwa na njaa au kukuamsha usiku yanaweza kuwa vidonda vya tumbo.

2. Tiba ya kiungulia ianzie mezani. Enyasa, ugali wetu, ya jioni iwe ya kiasi, na iliwe angalau muda wa saa tatu kabla ya kulala. Punguza pombe kama waragi na kwete, pamoja na tumbaku. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu kunakunja tumbo. Ukiandikiwa omeprazole, imeze nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi.

3. Vidonda vipimwe. Mwaka 1982 madaktari wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walimgundua bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ni chanzo kikubwa cha vidonda, na anatibika. Omba kipimo cha kinyesi. Kile cha damu kinaweza kuonyesha ugonjwa hata baada ya kupona. Mwambie mhudumu kama umemeza omeprazole ndani ya wiki 2, au antibiotiki ndani ya wiki 4, kwa sababu dawa hizo huficha bakteria. Akionekana, kwa kawaida utapewa omeprazole pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Zimalize zote hata kama maumivu yametulia siku ya tano, kisha upimwe tena baada ya wiki 4 au zaidi.

4. Chunguza dawa za mgongo. Wengi wetu tukitoka kulima muhogo tunameza diclofenac au ibuprofen. Hizo, pamoja na aspirini, zinaweza kuchubua tumbo polepole hadi kuleta vidonda. Mwenye vidonda aombe paracetamol na asizidishe kipimo. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza daktari.

5. Kumbuka kichocho. Waliokulia kando ya Nile, Rhino Camp, Obongi au Pakwach, pamoja na wavuvi, wana hatari ambayo dawa ya alsa haiigusi. Mayai ya kichocho cha matumbo huziba mishipa ya ini, damu inakosa njia, na mishipa ya umio inavimba hadi kupasuka. Mtu anaweza kutapika damu nyingi bila kuumwa tumbo hata kidogo. Tiba ya kichocho ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Wagawa dawa wa kijiji wakifika, usiwakimbie. Makovu ya ini yakishakomaa, praziquantel peke yake haiyaondoi.

6. Usisubiri kuche. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likikaza ghafla kwa maumivu makali, tafuta gari au boda boda uende hospitali saa hiyohiyo. Chakula kikianza kukwama kooni, au ukikonda bila sababu, nenda wiki hiyohiyo ukaombe kuangaliwa umio kwa kamera, kwa sababu saratani ya umio ni ya kawaida Afrika Mashariki. Kama hospitali ya karibu haina kamera, omba barua ya rufaa.

Ndugu msomaji, pesa ya vidonge vya karatasi ukiijumlisha kwa miezi michache inaweza kutosha kulipia kipimo. Pimwa kwanza, dawa ifuate.