Namba za Tairi Zisomwe Kabla ya Bei

Katika mikoa inayosubiri mvua za Novemba na Desemba, kuanzia Dodoma na Iringa hadi Mbeya, Rukwa na Ruvuma, matrekta sasa yako kwa mafundi. Diski za plau zinapimwa, oili inamwagwa, nipeli zinapigwa gurisi. Pikapu ya shamba hukumbukwa mwisho, ilhali ndiyo itakayopeleka dizeli kwa trekta, mbegu na mbolea kwa wapandaji, na fundi pale plau itakapogonga kisiki. Ikikwama kilomita tano kabla ya shamba, trekta linazimwa na siku ya kulima inapotea.

Wakulima wengi hubadilisha tairi zake wakati huu, na hapo ndipo ninapoona fedha zikipotea. Mtu anaingia dukani, anauliza bei, anachagua tairi pana yenye makucha ya kutisha, anafunga na kuondoka. Maandishi ya ubavuni hakuyasoma. Ndugu mkulima, yasome. Ndiyo yanayokuambia kama tairi hiyo itabeba mzigo wako.

Chukua 265/65R17, saizi inayovaliwa na pikapu nyingi za Hilux. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: ubavu unapata milimita 172, zidisha mara mbili, ongeza rimu yenye milimita 432, na gurudumu zima lina kimo cha milimita 776 hivi. Hesabu hiyohiyo kwa 265/70R16 inakupa 777. Kwa hiyo mwenye rimu za inchi 16 na mwenye za inchi 17 wanaweza kutembea sawasawa kabisa, na ukikosa saizi moja mjini unajua pa kuanzia kutafuta nyingine, mradi rimu nazo zibadilike na ziingie kwenye gari lako bila kugusa breki.

Sasa mwenye 265/65R17 anashauriwa apandishe hadi 285/70R17 ili gari liwe juu. Kimo kinafika milimita 831, ongezeko la asilimia 7. Anachopata chini ya difu ni nusu ya ongezeko hilo, chini ya sentimita 3. Anacholipa ni kikubwa zaidi. Kila gia inakuwa nzito, kama vile umepunguziwa nguvu ya kuvuta kwa asilimia 7, na hilo utalihisi siku ya kupanda kilima chenye utelezi ukiwa na tela nyuma. Klachi inaungua mapema. Spidi mita ikionyesha 80, gari liko zaidi ya 85. Ukikata kona ukiwa na mzigo, tairi linaweza kusugua madigadi. Mimi huwashauri wakulima wasivuke asilimia 3 juu au chini ya kimo kilichokuja na gari, na kwa gari la kazi nzito ningebaki na saizi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Baada ya saizi inafuata namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji kamwe: kipimo cha mzigo. Huandikwa mwishoni, mfano 112S. Herufi ni ya mwendo. 112 maana yake tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili; 104 ni kilo 900, na 100 ni kilo 800. Fikiria mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50. Hiyo ni tani moja, na karibu yote inakalia ekseli ya nyuma, juu ya uzito wa gari lenyewe. Kila tairi la nyuma linaweza kupita kilo 900. Ukiwa umefunga tairi laini la gari la familia lenye saizi sahihi lakini kipimo cha 104, umekwisha kulizidi kabla dereva hajaongeza pipa la dizeli la lita 200, ambalo mafuta yake peke yake ni kilo 170 hivi. Tairi la namna hiyo haliungui siku ya kwanza. Linapata joto ubavuni safari baada ya safari, hadi siku ya jua kali na mwendo wa lami linapopasuka, mara nyingi likiwa na watu juu ya mifuko.

Kwa pikapu inayobeba pembejeo, tafuta tairi za mizigo, zile zenye herufi C baada ya saizi au LT kabla yake. 205R16C na 225/70R17C zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ubavu wake ni mgumu, kwa hiyo gari tupu litarukaruka kidogo. Vumilia.

Kuhusu matope, ushauri wangu unategemea udongo wako. Njia ya udongo mwekundu inapolowa, juu huwa utelezi na chini kuna msingi mgumu. Tairi jembamba hukata hadi chini likashika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga hakuna msingi wa karibu, kwa hiyo upana husaidia gari lisizame, na makucha marefu yenye nafasi kubwa kati yake hujisafisha yenyewe yanapozunguka. Lakini makucha hayo huliwa haraka kwenye lami. Kama safari zako nyingi ni za lami na changarawe, nunua yale ya kati, yenye alama A/T. Na usilazimishe tairi la 265 kwenye rimu nyembamba ya inchi 5 na nusu. Linavimba katikati, linalika hapo haraka na linayumba.

Ukiweka fowili, jambo moja halina mjadala: magurudumu yote manne yawe na kimo kimoja. Pikapu nyingi za shamba hazina difu ya katikati, hivyo mbele na nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa. Tairi mpya mbele na vipara nyuma hutosha kuleta mvutano ndani ya gia, na kwenye ardhi kavu mvutano huo huishia kuvunja vyuma. Kama fedha ni ya tairi mbili tu, msimu huu tumia fowili kwenye utelezi peke yake.

Trekta nalo lina sheria hiyohiyo, tena kali zaidi. Kwenye trekta la fowili, tairi za mbele ni ndogo na zimepangiwa kukimbia zaidi kidogo kuliko za nyuma. Badilisha saizi ya upande mmoja tu na uwiano huo unavurugika. Kabla ya kununua tairi mpya za nyuma, pima kwanza kama zilizopo zimekwisha kweli. Weka vijiti viwili umbali wa mita 100 shambani, piga chaki kwenye tairi, pita ukiwa umeinua plau na uhesabu mizunguko. Rudi ukiwa unalima, uhesabu tena. Ikiwa ya kwanza ni 22 na ya pili 25, tairi linateleza kwa asilimia 12, na huko ndiko kunakotakiwa, kati ya 10 na 15. Ikifika 28, utelezi umezidi asilimia 20 na dizeli yako inachimba udongo badala ya kuvuta plau. Ongeza uzito wa nyuma kwa maji ndani ya tairi au vyuma, punguza kina cha plau, na kama bado, nunua tairi.

Dukani, kabla ya kutoa fedha, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye makucha mazima lakini lenye umri huo limekauka na nyufa zinaanza ubavuni. Usilipeleke chini ya tani moja ya mbolea, hata ukipewa kwa nusu ya bei. Angalia tarehe hiyo pia kwenye tairi la akiba, maana mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.