Mchungwa, Mjafari na Eusugu: Uainishaji wa Familia ya Mchungwa na Suala la Majina ya Miti katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wanabotania na wasemaji wa Kiswahili wanavyoainisha miti na vichaka vya familia ya mchungwa. Yanadai kwamba mazoea ya Kiswahili ya kuutaja mti kwa tunda lake yana manufaa, lakini yanaificha miti ya familia hiyo isiyo na tunda la sokoni. Mfano mkuu ni mjafari, ambao Waturkana huuita eusugu.

1.0 Utangulizi

Neno ngeli lina makao mawili. Mwanasarufi hulitumia kwa makundi ya nomino. Baadhi ya waandishi wa biolojia hulitumia kwa daraja moja katika ngazi ya viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Katika makao yote mawili swali ni lile lile: ni sifa ipi inayotosha kuviweka vitu viwili katika kundi moja? Swali hili si la wataalamu peke yao. Mwanafunzi wa Lokori, mji wa Turkana Mashariki ulio kando ya Mto Kerio, akisoma kuhusu "familia ya mchungwa" huenda akadhani kwamba anasomeshwa habari za shamba la mbali lenye mvua. Tutaona kwamba sivyo.

2.0 Familia na Sifa Zake

Wanabotania huiita familia hii Rutaceae, nayo imo katika oda ya Sapindales. Ina jenasi zipatazo 160 na spishi zaidi ya 1,600, nyingi zikiwa miti na vichaka vya nchi za joto. Jina hilo halikutokana na mchungwa bali na Ruta, mmea mdogo wenye harufu kali wa nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Kwa hiyo tunaposema "familia ya mchungwa" tunauita ukoo mzima kwa jina la jamaa mmoja aliye maarufu kwetu.

Alama inayoiunganisha familia hii ni vitezi vya mafuta. Chuma jani la mlimau uliinue kwenye mwanga: utaona vitone vinavyopitisha nuru. Likifikichwa, harufu hutoka hapo. Alama hii imo katika jani, si katika tunda, na jambo hilo lina uzito katika hoja yetu.

3.0 Mti kwa Tunda Lake

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya jenasi ya Citrus: mchungwa, mdanzi, mlimau, mndimu, mchenza, mkangaja, mbalungi na mfurungu. Yote yamo katika ngeli ya U-I. Ukiondoa kiambishi m- unabaki na tunda: chungwa, danzi, limau, chenza, kangaja, balungi na furungu katika ngeli ya LI-YA, na ndimu katika ngeli ya I-ZI. Utaratibu huu ni wa kiuchumi: shina moja na viambishi vichache humpa msemaji jina la mti, la tunda moja na la matunda mengi.

Hata hivyo, utaratibu huu hauonyeshi undugu. Ngeli ya U-I huuweka mchungwa pamoja na mwembe, ambao ni wa familia nyingine, na pia pamoja na mkeka na mto, ambavyo si miti kamwe. Umbo la neno linatuambia "huu ni mti wa tunda fulani". Halituambii mti huo ni ndugu wa nani.

4.0 Tunda Linapopotosha

Tusidhani kwamba kosa hili ni la wasemaji wa kawaida tu. Ndani ya Citrus kwenyewe wataalamu walitofautiana sana: Swingle, mwaka 1943, alitambua spishi 16, ilhali Tanaka baadaye alifikisha 162. Sababu kubwa ni kwamba mimea hii huzaliana kwa urahisi, na machotara yake yakapewa majina kama spishi. Uchunguzi wa jenomu 60 uliotolewa mwaka 2018 ulithibitisha kwamba mdanzi ni chotara wa mfurungu na mchenza, na mlimau ni chotara wa mdanzi na Citrus medica, mti wa tunda lenye ganda nene. Mchungwa nao una damu ya mfurungu na ya mchenza. Majina manane ya Kiswahili, basi, si spishi nane. Ni majina ya matunda manane ambayo ulimi unayatofautisha.

Katika ngazi ya juu zaidi, Engler, mwanabotania Mjerumani (1844–1930), aliigawa familia kwa kiasi kikubwa kwa kutazama tunda: kavu linalopasuka, au lenye nyama. Kwa kigezo hicho Zanthoxylum na Toddalia ziliwekwa katika nusufamilia mbali mbali. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jenasi hizo mbili ni ndugu wa karibu sana. Uainishaji uliopendekezwa mwaka 2021 una nusufamilia sita, na tunda si hakimu tena.

5.0 Mjafari na Eusugu

Sasa turudi Turkana. Zanthoxylum chalybeum ni mti wa nyika kavu wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu vya shina. Tunda lake ni dogo. Likikauka hupasuka na kuacha mbegu nyeusi inayong'aa. Majani yake yakifikichwa hunukia kama limau. Gome lake hutumika katika tiba za jadi, na katika sehemu kadhaa za Kenya majani yake huungiwa chai. Ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo huko China ndio wanaotoa kiungo maarufu cha Sichuan. Kiswahili huuita mti huu mjafari, Waturkana eusugu, Wateso eusuk, na Wamaasai oloisuki.

Hapa pana mambo mawili. Kwanza, mjafari haukujengwa juu ya jina la tunda lililozoeleka sokoni. Ndiyo maana msemaji hauhusishi na mlimau, ijapokuwa pua yake inamwambia kweli. Pili, Kiturkana nacho kina kiambishi chake: eusugu, ewoi (mgunga), esekon (mswaki) na eengol (mkoma) yote huanza kwa e- ya jinsia ya kiume. Mwanafunzi wa Lokori, basi, haji darasani mikono mitupu. Ana jina, ana harufu, na ana mfumo wa ngeli wa kulinganisha na U-I.

6.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, kamusi zisitosheke na fasili ya "aina ya mti". Zitaje jenasi na sifa bainifu, kama vile vitezi vya jani. Pili, kidahizo mjafari kibaki, lakini majina ya bara kama eusugu yaandikwe kando yake, wala tusibuni "mchungwa mwitu" pale ambapo jina lipo. Tatu, walimu wa Kiswahili na wa sayansi washirikiane katika kufundisha ngeli zote mbili. Kiswahili ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya 2010, ni lugha rasmi pia. Lugha ya taifa zima haina budi kuwa na nafasi ya mti wa Turkana kama ilivyo na nafasi ya mti wa pwani.