Mtoto Asiyesumbua

Kuna mtoto ambaye mtaa mzima humsifia. Akianguka uwanjani anainuka, anajikung'uta vumbi, anarudi mchezoni bila kugeuka kuangalia kama mama amemwona. Si kila mtoto mkakamavu ana shida. Ila mtoto mdogo akiumia, kwa kawaida hutafuta uso wa mtu wake, na aliyeacha kuutafuta huenda ameshajua kwamba hakuna anayekuja.

Utelekezaji tunaoujua ni wa baba aliyetoroka na kuacha nyumba haina unga. Upo mwingine, unaokaa kwenye nyumba yenye friji na ada iliyolipwa. Mtoto akilia anaambiwa anyamaze. Akileta daftari lenye vema tupu, baba haondoi macho kwenye simu. Siku moja ya namna hiyo haimharibu mtu. Kinachoumiza ni miaka.

Umaskini peke yake si utelekezaji. Mama lishe anayetoka saa kumi alfajiri na kumwacha mwanawe kwa bibi anayemsikiliza, hajamtelekeza.

Ubongo wa mtoto mchanga hukua kwa kuitikiwa: analia, anabebwa, anatoa sauti, anajibiwa. Hivyo ndivyo anavyojifunza kutuliza hofu yake. Asipoitikiwa, mwili hukaa chonjo muda wote, au huzoea kuzima hisia.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka Romania. Utawala wa kiongozi wa nchi hiyo, Ceaușescu, ulipoanguka Desemba 1989, vilionekana vituo vilivyojaa watoto waliolishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu, bila mtu wa kumwita wao. Watafiti wa Uingereza, akiwemo Michael Rutter, waliwafuatilia watoto 165 waliochukuliwa kutoka Romania na kulelewa na familia za Uingereza. Matokeo ya ukubwani yalitolewa mwaka 2017. Waliokaa vituoni chini ya miezi sita walikuwa karibu sawa na vijana wengine. Kati ya waliozidi hapo, wengi walikuwa na shida ya umakini na mahusiano, na dalili za sonona na wasiwasi ziliongezeka walipofika utu uzima, ingawa walikuwa wameishi miaka mingi na familia zilizowapenda. Hata hivyo, takriban mmoja kati ya watano wa kundi hilo hakuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo asije mtu akamwambia kijana wake kwamba ameshaharibika.

Kijana aliyekua bila kuitikiwa akianza kuyumba, wazazi husema, "Alikuwa mtulivu, chuo ndicho kimemharibu." Lakini chuo, kazi na uchumba vinadai kitu ambacho hakuwahi kukizoea: kuomba msaada na kuamini kwamba atapewa. Atatembea kwa miguu kuliko kuomba nauli. Atavunja uchumba kabla hajaachwa. Wengine huingia kwenye pombe, wengine hulala mchana kutwa wakaitwa wavivu.

Mzazi wa kijana kama huyo ana kazi moja ngumu, nayo ni kusema, "Mwanangu, nilikuwepo nyumbani lakini sikukusikiliza. Niambie ilikuwaje." Kisha anyamaze. Orodha ya ada alizolipa na magodoro aliyonunua isubiri. Ikianza hiyo, kijana atajibu "hamna neno, mzee," na mlango utafungwa tena.

Huzuni, kukosa usingizi au kutojali chochote kukizidi wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha, na ikibidi kwa dawa. Maombi yaendelee, bila kuchukua nafasi ya daktari. Kwa mtoto anayetelekezwa sasa, hapa Tanzania pigeni 116 bure, au mwoneni afisa ustawi wa jamii.

Mkihofia kwamba kijana anafikiria kujiua, muulizeni waziwazi. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake. Ondoeni sumu za shambani na dawa zote ndani ya nyumba, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.