Asili ya Gimbi na Asili ya Bata: Fiqhi ya Ununuzi Katika Duka la Wachina



Wenzetu wanaojiandaa kwenda kusoma nje huuliza sana kuhusu chakula. Nitajibu kwa mfano wa mahali nilipopaona: mtaa wa Wachina wa Toronto, Kanada, pale Spadina Avenue inapokatana na Dundas. Dada yangu anaishi karibu, na likizo iliyopita nilikuwa nikimbebea mizigo kila Jumamosi.

Katika maduka yale utapata magimbi, bamia, mihogo iliyogandishwa na mchele wa kila aina, kwa bei ambayo supamaketi haikupi. Jirani yake mmoja, Muislamu mcha Mungu, haingii humo kabisa. Husema kila kitu kimeguswa na nguruwe. Dada naye alianza kusita, na kwa mama wa watoto watatu na mshahara mmoja hilo si jambo dogo.

Mafakihi wametupa kanuni: asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Gimbi ni gimbi, hata akiliuza asiyekuwa Muislamu. Katika nyama kanuni inageuka: asili ni uharamu mpaka ijulikane imechinjwa kisheria. Kwa hiyo wale bata wekundu wanaoning'inia dirishani tuliwapita tu. Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya Bi Aisha (R.A.) katika Bukhari, kwamba walioletewa nyama waliambiwa wataje jina la Allah wale. Wanasahau kuwa walioileta walikuwa watu waliosilimu karibuni, si kila muuzaji.

Kazi ipo kwenye chupa. Mvinyo wa mchele wa kupikia hutiwa chumvi ukauzwa pamoja na siki, lakini ni pombe vilevile. Mirini ya Kijapani, ile halisi, ina kileo cha takriban asilimia 14. Sosi ya soya ni mas-ala nyingine: kileo kidogo hujitokeza chenyewe inapochachushwa, na wanazuoni wengi wa sasa hawaoni tatizo. Ikiwa lebo inasema kileo kimeongezwa, mimi huirudisha. Ya pili yake ipo rafu hiyohiyo.

Jifunzeni maandishi machache. 酒 ni pombe. 豬 au 猪 ni nguruwe. 肉 ni nyama, lakini ikiandikwa peke yake kwenye vyakula vya Kichina mara nyingi hukusudiwa nguruwe. 清真, husomwa "chingjen", ndilo neno la halali linalotumiwa na Waislamu wa China wenyewe.

Kuhusu jelatini, Wahanafi wengi huona kitu kikibadilika dhati yake hukumu nayo hubadilika. Sisi Mashafii mlango huo tumeubana sana. Mfano wake mashuhuri ni pombe iliyogeuka siki yenyewe. Peremende za watoto tukaziacha, ila duka hilohilo linauza unga wa agari, unaotokana na mwani. Dada aliuchemsha na juisi ya embe, ukaganda vizuri, na watoto hawakuuliza tena.

Wamebaki kaa kwenye matangi. Imam Nawawi katika Minhaj amewaweka pamoja na chura, viumbe wa nchi kavu na majini, kwa hiyo hatukuwanunua. Ngisi tulinunua kilo mbili.