Uzito ni sawa na uzito? Somo la jiwe linaloanguka

Kosa ninaloeleza hapa ni langu mwenyewe. Mdogo wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniomba nimtafsirie kwa Kiswahili somo lake la fizikia lililoandikwa kwa Kifaransa. Kila nilipokuta masse niliandika uzito. Nilipokuta poids niliandika uzito tena. Tulipofika kwenye kanuni P = mg, tafsiri yangu ilisema: uzito ni sawa na uzito mara 9,8. Akaniuliza: «Yaya, kitu kinawezaje kuwa sawa na chenyewe mara 9,8?» Nikakosa jibu.

Sokoni neno uzito linatosha. Katika fizikia mambo ni mawili. Masi, iitwayo pia tungamo, ni kiasi cha maada iliyomo ndani ya kitu. Hupimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu hicho. Hupimwa kwa nyutoni.

Sasa tuangushe pamoja jiwe la kilo 1 na jiwe la kilo 5. Jiwe kubwa linavutwa kwa nguvu mara tano. Lakini masi yake pia ni mara tano, kwa hiyo kulitia mwendo ni kugumu mara tano. Mambo hayo mawili yanafutana, na kila sekunde kasi ya mawe yote mawili inaongezeka kwa mita 9,8 kwa sekunde. Unyoya ukichelewa, ni hewa inayouzuia. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya juu ya Mwezi, pasipo hewa. Vikafika chini pamoja.

Je, tukirusha? Mkono ule ule hulipa jiwe lenye masi kubwa kasi ndogo, ndiyo maana halifiki mbali. Lakini mawe mawili yakitoka mkononi kwa kasi moja na mwelekeo mmoja, hufuata njia moja, tukiacha hewa kando. Masi inahesabika wakati wa kurusha. Jiwe likishaondoka, haibadilishi njia yake.

Nimeandika upya: uzito ni sawa na masi mara 9,8. Mdogo wangu ameelewa. Mara nyingi tunasema Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Siku ile maneno yalikuwepo. Mimi ndiye sikuyatafuta.